Mpira, Sakafu na Ukumbi: Somo la Mdundo kutoka Tenisi ya Wanawake hadi Viwanja vya Berega

Kila mwaka miji kadhaa ya Ulaya na Asia huandaa mashindano ya tenisi ya wanawake wa kulipwa ambayo hayachezwi chini ya jua, bali ndani ya ukumbi uliofungwa, juu ya sakafu ngumu iliyopakwa rangi. Mwezi wa Novemba 2024, wachezaji bora wa mwaka huo walikutana katika ukumbi wa namna hiyo mjini Riyadh, Saudi Arabia. Mshindi, Coco Gauff wa Marekani, aliondoka na zaidi ya dola milioni 4.8.

Mwanafunzi wa Berega, wilayani Kilosa, chini ya milima ya Ukaguru, huenda hajapata kuona ukumbi wa aina hiyo. Mpira anaoujua ni wa netiboli, na uwanja anaoujua ni wa udongo, wenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Hata hivyo, kanuni zinazotawala mpira wa Riyadh ndizo zinazotawala mpira wa Berega. Tena mambo ambayo wajenzi wa kumbi hizo hulazimika kuyapima, yaani ugumu wa sakafu, msuguano, hewa na joto, ndiyo ambayo kijiji chochote kinachotaka kuwajengea wasichana wake uwanja bora hakina budi kuyafikiria kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Makala hii inaeleza kanuni hizo hatua kwa hatua, kisha inaonyesha jinsi zinavyoweza kupimwa shuleni kwa vifaa vinavyopatikana kijijini.

1. Uwanja na mpira

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Upana wake ni mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja dhidi ya mmoja, na mita 10.97 kwa mchezo wa wawili wawili. Wavu hukatiza katikati, na kimo chake katikati ya uwanja ni sentimita 91.4. Vipimo hivi havibadiliki, uwe uwanja wa nyasi, wa udongo au wa sakafu ngumu. Kinachobadilika ni uso wa uwanja, na uso huo ndio unaouamua mchezo.

Mpira wenyewe ni gamba la raba lililo wazi ndani na kufunikwa kwa kitambaa chenye manyoya. Uzito wake hauruhusiwi kupungua gramu 56.0 wala kuzidi gramu 59.4. Ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa hadi kanieneo yake ikaribie kuwa mara mbili ya kanieneo ya hewa ya nje. Raba haiwezi kuizuia hewa hiyo milele. Mpira ukishatolewa katika kopo lake, hewa huvuja polepole, na baada ya majuma kadhaa mpira huwa umelegea. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu manyoya huchakaa kwa kupigwa, katika mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya michezo 7 ya kwanza, na baadaye kila baada ya michezo 9.

2. Mdundo wa wima

Kanuni za tenisi zinaagiza kwamba mpira wa kawaida, ukiangushwa kutoka kimo cha sentimita 254 juu ya jiwe au zege laini, lazima urudi juu kati ya sentimita 135 na 147. Tuichunguze maana ya agizo hilo.

Mpira ulio juu una nishati kwa sababu ya kimo chake. Unapoanguka, nishati hiyo hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Unapogonga chini, raba hubonyea na hewa ya ndani hushindiliwa zaidi, hivyo kwa muda mfupi sana nishati ya mwendo huhifadhiwa kama katika springi iliyobanwa. Kisha raba na hewa hujinyoosha na kuusukuma mpira juu. Lakini nishati yote hairudi. Sehemu yake hugeuka joto ndani ya raba, sehemu ndogo huwa sauti, na sehemu nyingine hupotea katika sakafu yenyewe ikiwa nayo inabonyea.

Ukigawa sentimita 135 kwa 254, unapata 0.53, ukigawa 147 kwa 254, unapata 0.58. Maana yake ni kwamba mpira halali hurudisha kati ya asilimia 53 na 58 ya nishati yake, na kupoteza iliyobaki katika mdundo mmoja tu.

Wanafizikia hupenda kulinganisha kasi badala ya vimo. Maadamu kimo huenda sambamba na mraba wa kasi, uwiano wa kasi ya kurudi kwa kasi ya kuanguka ni kipeuo cha pili cha uwiano wa vimo. Tuuite uwiano huo kipimo cha mdundo. Kwa mpira wa tenisi juu ya zege, kipimo hicho ni kati ya 0.73 na 0.76. Kitu kisichodunda kabisa, kama tonge la udongo mbichi, kina kipimo cha sifuri. Kitu ambacho kingerudi hadi kilikotoka kingekuwa na kipimo cha 1, lakini kitu cha namna hiyo hakipatikani duniani.

Joto nalo lina nafasi yake. Hewa iliyofungwa mahali pamoja huongeza kanieneo kadiri joto linavyopanda. Kutoka asubuhi yenye nyuzi 10 za Selsiasi hadi adhuhuri yenye nyuzi 35, kanieneo ya hewa ndani ya mpira huongezeka kwa karibu asilimia 9, na raba nayo hulainika. Kwa hiyo mpira ule ule hudunda chini zaidi asubuhi na juu zaidi adhuhuri. Mchezaji wa nje hulazimika kuyazoea mabadiliko hayo katikati ya mchezo. Mchezaji wa ukumbini, ambamo joto halibadiliki sana, amepunguziwa taabu hiyo.

3. Mpira unaokuja kwa mshazari

Katika mchezo mpira hauanguki wima. Huja kwa mshazari, ukiwa na mwendo wa kwenda chini na mwendo wa kwenda mbele kwa pamoja. Mwendo wa kwenda chini hugeuzwa kuwa wa kwenda juu, kwa kadiri ya kipimo cha mdundo. Mwendo wa kwenda mbele hupunguzwa na msuguano kati ya manyoya ya mpira na uso wa sakafu.

Kadiri sakafu inavyokwaruza ndivyo mpira unavyopunguzwa kasi. Ukali wa msuguano huelezwa kwa namba moja, ambayo ni kani ya msuguano ikigawanywa kwa kani inayokandamiza sakafu. Tuiite namba ya msuguano. Mradi mpira unateleza muda wote unapogusana na sakafu, kasi yake ya mbele hupungua kwa kiasi kinachopatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: namba ya msuguano, kasi ya kwenda chini, na jumla ya 1 na kipimo cha mdundo.

Tuchukue tarakimu za mfano. Mpira unafika sakafuni ukiwa na kasi ya mbele ya mita 30 kwa sekunde na kasi ya kwenda chini ya mita 8 kwa sekunde. Kipimo cha mdundo ni 0.75. Kwenye sakafu ngumu yenye namba ya msuguano 0.6, kasi inayopotea ni 0.6 × 8 × 1.75, yaani mita 8.4 kwa sekunde, na mpira unaendelea mbele kwa mita 21.6 kwa sekunde. Kwenye uwanja wa udongo wenye namba ya msuguano 0.8, kasi inayopotea ni mita 11.2 kwa sekunde, na mpira unabakiwa na mita 18.8 kwa sekunde.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini ikiwa mchezaji amesimama mita 10 nyuma ya mahali mpira ulipodunda, juu ya sakafu ngumu mpira utamfikia kwa muda wa sekunde 0.46, na juu ya udongo kwa sekunde 0.53. Mwanamke anayekimbia mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 35 katika muda huo wa ziada wa sekunde 0.07. Sentimita 35 ni zaidi ya nusu ya urefu wa raketi, na ndizo zinazotenganisha mpira uliofikiwa na mpira uliopita.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi hutumia vipimo vya namna hii, vya mdundo na msuguano, kuvigawa viwanja vya dunia katika madaraja 5 ya kasi. Watengenezaji wa sakafu ngumu huchanganya mchanga safi ndani ya rangi ya tabaka la juu. Mchanga ukiwa mwingi au wenye chembe kubwa, sakafu hukwaruza na mchezo huwa wa polepole. Ukiwa kidogo na laini, mchezo huwa wa kasi. Kwa hiyo anayechagua mchanga wa kuchanganywa katika rangi huwa amechagua pia, kwa kiasi fulani, aina ya mchezaji atakayefaidika.

4. Kwa nini ndani ya ukumbi?

Ukumbi huondoa mambo manne: upepo, jua, mvua na mabadiliko ya ghafla ya joto. Upepo huusukuma mpira ulio hewani, hasa unaopigwa juu. Jua humpofusha anayetazama juu ili auanzishe mpira. Mambo hayo yakiondolewa, mpiga mpira kwa nguvu huweza kulenga karibu na mstari bila hofu ya kubahatisha. Aghalabu, basi, mchezo wa ukumbini huwanufaisha wenye mapigo mazito na ya moja kwa moja.

Kasi hiyo humwachia mpokeaji muda mchache. Mpira ulioanzishwa kwa kilometa 162 kwa saa una kasi ya mita 45 kwa sekunde unapoondoka kwenye raketi. Kama usingepunguzwa kasi na hewa wala sakafu, ungevuka mita 24 kwa muda wa sekunde 0.53. Hewa na mdundo huongeza muda huo kidogo. Lakini jicho na ubongo hutumia karibu sekunde 0.2 kabla mwili haujaanza kuitika, na mchezaji hubaki na sehemu ndogo ya sekunde ya kuhamisha miguu na kuizungusha raketi.

Hewa ya mahali nayo hutofautiana. Mji wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam kwa joto lile lile. Hewa nyepesi huuzuia mpira kwa uchache. Tena, kwa kuwa kanieneo ya nje imepungua ilhali ya ndani ya mpira haijabadilika, mpira huwa kama umejazwa zaidi, nao huruka juu. Kanuni za tenisi zimelitambua jambo hili, zikaruhusu mipira ya namna ya pekee kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219.

Mabadiliko ya uso na hewa ni mzigo halisi kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaosafiri kwenda kushindana. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 2004 kama Gauff, alicheza Januari 2022 katika mashindano ya vijana ya Melbourne, Australia, juu ya sakafu ngumu na karibu na usawa wa bahari, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya mmoja dhidi ya mmoja katika mashindano makuu ya vijana. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, juu ya nyasi za Wimbledon, alishinda taji la wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kila alipohama, kipimo cha mdundo na namba ya msuguano vilihama pia, na mwili wake ulilazimika kujifunza upya lini mpira utafika na kwa kimo gani.

5. Historia kwa ufupi

Mashindano ya wanawake wa kulipwa hayakuanza na mamilioni. Tarehe 23 Septemba 1970, mjini Houston, Marekani, wachezaji wanawake tisa walitia saini mikataba ya dola 1 kila mmoja na mchapishaji wa gazeti la tenisi, Gladys Heldman, ili waanzishe mashindano yao wenyewe, kwa kuwa zawadi za wanawake zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile za wanaume. Mmoja wao alikuwa Billie Jean King. Mwezi wa Juni 1973 wanawake waliunda chama chao mjini London, na mwaka huo huo mashindano ya wazi ya Marekani yakawa ya kwanza kati ya mashindano makuu manne kutoa zawadi sawa kwa wanawake na wanaume. Wimbledon ilifuata mwaka 2007.

Mechi iliyovuta macho ya watu wengi kuliko zote katika miaka hiyo ilichezwa ndani ya jengo. Tarehe 20 Septemba 1973, katika ukumbi mkubwa wa Astrodome mjini Houston, King alimshinda Bobby Riggs, aliyewahi kuwa bingwa wa wanaume, kwa seti tatu mfululizo mbele ya watazamaji zaidi ya 30,000. Ukumbi ulikuwa umetoa jambo ambalo uwanja wa nje haukuweza: saa isiyobadilishwa na mvua, viti vinavyouzwa mapema, na taa zinazofaa kwa televisheni. Ndiyo maana mashindano ya majira ya baridi ya nchi za kaskazini yalihamia ndani.

Sakafu ngumu nayo ilienea haraka. Mashindano ya wazi ya Marekani yalihamia kwenye sakafu ngumu mwaka 1978, na ya Australia mwaka 1988. Mwezi wa Oktoba 2019, katika ukumbi wa Linz nchini Austria, Gauff alitwaa taji lake la kwanza la mashindano ya wanawake wa kulipwa akiwa na umri wa miaka 15. Alikuwa ameshindwa katika mechi za mchujo, kisha akaingizwa kujaza nafasi ya mchezaji aliyejitoa.

6. Sakafu na mwili wa mchezaji

Hadi hapa tumeitazama sakafu kwa upande wa mpira. Sasa tuitazame kwa upande wa goti.

Msichana wa kilo 50 akiruka juu sentimita 30 na kurudi chini, hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 2.4 kwa sekunde. Ili asimame, mwendo wake wote lazima ufutwe. Akisimama katika muda wa sekunde 0.05, wastani wa kani inayomsimamisha ni 50 × 2.4 ÷ 0.05, yaani nyutoni 2,400, mbali na uzito wake wa kawaida wa karibu nyutoni 490. Akisimama katika muda wa sekunde 0.1, kani hiyo hupungua hadi nyutoni 1,200. Muda ukiongezwa mara mbili, kani hupungua kwa nusu.

Sehemu kubwa ya muda huo hutokana na kupinda magoti na vifundo. Kwa hiyo mwalimu anayewafundisha wasichana kutua kwa magoti yaliyopinda anawakinga bila gharama yoyote. Sakafu nayo huchangia. Mbao zilizowekwa juu ya maboriti hubonyea kidogo, na ndiyo sababu netiboli ya kimataifa huchezwa ukumbini juu ya sakafu za mbao. Zege tupu halibonyei kabisa.

Hatari ya pili ni msuguano. Ukiwa mdogo mno, mchezaji huteleza na kuanguka. Ukiwa mkubwa mno, mguu hunasa sakafuni ilhali kiwiliwili kinaendelea kuzunguka, na kano za ndani ya goti huchukua mzigo wote. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wanawake huumia kano ya mbele ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, kwa kiasi cha mara 2 au zaidi. Netiboli, ambayo humtaka mchezaji asimame mara tu anapoudaka mpira, ni mmojawapo wa michezo hiyo. Uwanja wa udongo wenye mchanga mwembamba juu yake huuacha mguu uteleze kidogo kabla ya kusimama, na mtelezo huo mdogo ni kinga.

Ni wazi, basi, kwamba uwanja mgumu kuliko vyote si lazima uwe bora kuliko vyote.

7. Udongo wa kichuguu

Katika vijiji vya Ukaguru, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, udongo wa kichuguu umetumika tangu zamani kwa kusiliba sakafu na kufyatulia matofali. Utumizi huo una msingi wa kisayansi.

Mchwa hujenga kwa kupandisha chembe laini za mfinyanzi kutoka tabaka za chini ya ardhi na kuzigandisha kwa mate yao. Kwa sababu hiyo, udongo wa kichuguu kwa kawaida una mfinyanzi mwingi kuliko udongo wa juu unaokizunguka, na hauna mawe makubwa. Ukipondwa, ukaloweshwa kidogo na kushindiliwa, hukauka ukawa uso mgumu, ulio sawa, na usiotoa vumbi jingi. Wakulima wa Queensland, Australia, walitambua jambo hilo pia, wakajenga viwanja vya tenisi kwa udongo wa vichuguu. Rod Laver, ambaye mwaka 1962 na mwaka 1969 alishinda mashindano makuu yote manne, alijifunza mchezo juu ya uwanja wa namna hiyo.

Si kila udongo wenye mfinyanzi unafaa. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana mabondeni, huvimba ukilowa na kupasuka nyufa pana ukikauka. Uwanja uliojengwa kwa udongo huo utavunja vifundo vya miguu kiangazi cha kwanza.

8. Majaribio matatu

Jaribio la kwanza: kipimo cha mdundo. Simamisha fito yenye alama za sentimita ukutani. Angusha mpira wa netiboli kutoka kimo cha sentimita 200 juu ya sakafu ya saruji, kisha juu ya udongo ulioshindiliwa, kisha juu ya mchanga wa mtoni. Mwanafunzi mwingine, jicho lake likiwa sawa na kilele cha mdundo, asome kimo. Pima daima chini ya mpira, na rudia mara tano kwa kila uso, kisha tafuta wastani. Mfano: mpira ukirudi sentimita 98, uwiano ni 98 ÷ 200 = 0.49, na kipeuo chake cha pili ni 0.7.

Jaribio la pili: namba ya msuguano. Tia mawe ndani ya kiatu hadi jumla yawe kilo 2, ambazo uzito wake ni karibu nyutoni 20. Kivute polepole kwa mizani ya springi na usome kani inayohitajika ili kiatu kiendelee kusogea. Ikiwa ni nyutoni 12, namba ya msuguano ni 12 ÷ 20 = 0.6. Rudia juu ya uso mkavu, uso uliolowa, na uso ulionyunyiziwa mchanga.

Jaribio la tatu: nyufa. Finyanga matofali madogo ya udongo kutoka mahali mbalimbali, yawe na urefu wa sentimita 10 kila moja. Yaanike kivulini kwa juma zima. Pima urefu upya na uhesabu nyufa. Udongo uliosinyaa na kupasuka kuliko mwingine haufai peke yake. Uchanganywe na mchanga, kisha upimwe tena.

9. Hesabu ya kijiji

Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, yaani eneo la mita za mraba 465. Ukifunikwa kwa zege lenye unene wa sentimita 10, zitahitajika mita za ujazo 46.5. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, kila mita ya ujazo hula mifuko 6 na zaidi kidogo ya kilo 50. Jumla inakaribia mifuko 300. Kwa saruji hiyo hiyo na unene huo huo, shule ingeweza kusakafia vyumba 7 vya madarasa, kila kimoja cha mita 9 kwa 7.

Ujazo ule ule wa udongo wa kichuguu hauhitaji saruji, bali nguvu za watu, maji na muda. Vitumike vichuguu vilivyohamwa au vilivyo katika njia ya ujenzi, kwa kuwa mchwa walio hai wanayo kazi ya kuurutubisha udongo wa mashamba. Udongo upondwe, uchekechwe, utandazwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka inyunyiziwe maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Uwanja uwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1 ili maji ya mvua yasituame, na mfereji uchimbwe upande wa juu. Urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji usoni. Hilo ni jambo moja la ukumbi linaloweza kuigwa bure.

Uwanja wa namna hiyo una kasoro zake. Hautachezeka mvua kubwa inaponyesha, na utahitaji kusilibwa upya kila mwaka baada ya masika. Zege halihitaji hayo. Lakini zege likishamwagwa halirekebishiki, na kama namba yake ya msuguano si sahihi, watakaolipa ni wasichana watakaolichezea kwa miaka mingi. Kijiji kinachoamua kutumia saruji kinapaswa angalau kulikwaruza zege kwa ufagio mgumu kabla halijakauka, na kupima kipande cha mfano, kikavu na kilicholowa, kabla ya kumwaga uwanja mzima.

Maswali ya kujipima

1. Mpira umeangushwa kutoka sentimita 200 na kurudi sentimita 72. Tafuta kipimo chake cha mdundo. Ni asilimia ngapi ya nishati imepotea?

2. Kwa kutumia tarakimu za sehemu ya 3, tafuta kasi ya mbele ya mpira baada ya mdundo ikiwa namba ya msuguano ni 0.7. Utamfikia mchezaji aliye mita 10 nyuma baada ya muda gani?

3. Msichana wa kilo 45 anatua kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Linganisha kani inayomsimamisha akitua kwa magoti yaliyonyooka (sekunde 0.04) na kwa magoti yaliyopinda (sekunde 0.12).

4. Shule yenu imepewa mifuko 100 ya saruji. Kwa kutumia vipimo mlivyovipata katika majaribio, jadilini kama itumike uwanjani au madarasani, na mtoe sababu zenye tarakimu.